Mafundi wa mbao: nataka kutengeneza upinde mrefu wa fito za kubandika, mwanzi mgongoni. Naomba ushauri

FundiWaWete

Assalaam alaykum wanajamvi. Mie ni seremala hapa Wete, kazi zangu ni milango, vitanda na makabati. Kuna vijana wa mtaani kwetu wanataka kujifunza kulenga shabaha kwa mishale, na mwenyewe jambo hili nalipenda sana. Sote tunajua Mtume (SAW) alivyolihimiza. Pinde za dukani huagizwa nje na bei yake haishikiki. Kwa hiyo nimenuia kuutengeneza kwa mkono: ufito wa mwanzi mgongoni, yaani upande unaotazama shabaha, mbao ngumu tumboni, upande unaomtazama mvutaji, na ufito mwengine katikati.

Nilivyonavyo ni mabaki ya mtiki kutoka kwenye milango, ubao wa mninga uliotoka bara, kipande cha mvule wa zamani, na mwanzi mnene uliokatwa shambani, bado mbichi. Upinde nautaka wa inchi 70, uvutwe mpaka inchi 28, na uzito wa kuvuta usizidi ratili 35, kama kilo 16, kwa sababu watakaoutumia ni vijana.

Ninachotaka kujua ni hichi: tumboni niweke mbao gani? Gundi gani itahimili joto na unyevu wetu? Na jiriwa nnazo mbili tu, nitabanaje kitu cha karibu futi sita?

Babu Tezo

Waalaykum salaam mwanangu. Kwani lazima kubandika? Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanachonga upinde kwa mti mmoja na wanapata nyama. Tafuta mti mmoja ulionyooka, uchonge, umalize. Gundi ni mlango wa kuharibikiwa.

FundiWaWete

Babu shikamoo. Maneno yako nayaheshimu, ila mti mmoja ulionyooka wa urefu huo nitaupata wapi? Siingii Ngezi na shoka, msitu ule umehifadhiwa na ndivyo inavyotakiwa. Mabaki ya karakana ninayo tele, na fito nyembamba naweza kuzichagua moja moja, yenye kifundo naitupa.

Kipupwe

Ndugu FundiWaWete, hapo kwenye kuchagua ndipo penye faida ya kubandika. Mti mmoja unaupokea na kasoro zake.

Usianze na gundi wala jiriwa. Anza na ukavu. Mbao ikikaa wazi kwetu pwani hainyauki vya kutosha kwa upinde, hata ikae miaka. Mbao za upinde hutakiwa zishuke mpaka unyevu wa asilimia 8 hadi 10, ambao hewa yetu haiwezi kuufikisha. Upinde wa mbao zenye maji unapinda na kubaki hivyo hivyo, mshale unatoka umechoka. Tengeneza sanduku refu la plaiwudi au maboksi, tia balbu moja mbili za kizamani zinazotoa joto, toboa matundu chini na juu hewa ipite. Pima kila ufito kwa mizani ya jikoni, andika kwa penseli juu yake. Uzito ukiacha kushuka, umekauka kadiri sanduku linavyoweza. Mbao mbichi usiitie ghafla, itapasuka ncha. Iache kwanza kivulini na upake rangi au nta kwenye ncha zote mbili.

Mwanzi wetu wa manjano na wa kijani una wanga mwingi, na bungua wanaupenda mno. Upasue, uloweke majini wiki kadhaa kama watu wanavyoloweka fito za kujengea, kisha ndio uanze kuukausha. Chagua uliokomaa, wa miaka mitatu na kuendelea. Mchanga hauna nyuzi za kutosha.

Bint Kojani

Naongezea hapo kwa Kipupwe. Ganda la nje la mwanzi usiliguse kwa randa. Vifundo vilainishe kidogo tu kwa msasa. Nguvu ya mwanzi iko kwenye nyuzi za nje, ukizikata umejinyima. Punguza upande wa ndani mpaka ufito ubaki milimita 3 hadi 4 katikati na pembeni uwe mwembamba zaidi.

Halafu kuna jambo mafundi wengi hawalioni: mwanzi una nguvu kupita kiasi. Mgongo unavutwa, tumbo linabanwa. Mgongo wa mwanzi hautanuki kirahisi, kwa hiyo mzigo wote unaliangukia tumbo, na tumbo lisilo gumu linafanya mikunjo myembamba kama nywele, inakata nyuzi, upinde unakufa taratibu huku mgongo ukiwa mzima. Dawa yake ni kuufanya mwanzi uwe mwembamba kwa upana kuliko tumbo. Piga pembe za upinde mshazari, upande wa mwanzi uwe mdogo. Mgongo unapungua nguvu, tumbo linapumua.

FundiWaWete

Dada Bint Kojani, hapo umenifungua macho. Mie nilikuwa nikifikiri kadiri mgongo unavyokuwa na nguvu ndivyo bora. Sasa katika mtiki, mninga na mvule, lipi litabeba mzigo huo?

Kipupwe

Usiulize mtu, uliza mbao zenyewe. Kata vijiti vya futi mbili, vyote unene na upana mmoja, vilivyokauka sawasawa. Kila kimoja kikae juu ya vigogo viwili, ning'iniza ndoo ya mchanga katikati kwa saa kadhaa, uitoe, utazame kipi kimerudi. Kinachobaki kimepinda si cha tumboni. Mvule tahadhari nao, nyuzi zake mara nyingi husokotana, na vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Funga pua.

Ufito wa kati hauna kazi kubwa ya kuvutwa wala kubanwa, mzigo uko juu na chini kabisa. Kazi yake ni kuwatenganisha wawili hao na kushika gundi. Mbao nyepesi inatosha hapo.

Mchukuzi wa Nungwi

Gundi nyeupe ya seremala iache kwa vitanda. Ikikaa chini ya mzigo na joto inateleza polepole. Tumia epoksi ya vyombo vya faiba, wanaotengeneza boti wanayo. Changanya kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye mkebe, kidogo kidogo, maana kwenye joto letu ikirundikwa kikombeni inachemka na kuganda mkononi mwako. Mtiki una mafuta: ukwangue upya kwa msasa mkali, ufute kwa asetoni, ubandike siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Na usibane mpaka gundi yote itoke. Epoksi inataka utando mwembamba ubaki ndani.

Jiriwa si tatizo. Omba tyubu za baskeli zilizochakaa kwa fundi, zikate ziwe mikanda mirefu ya vidole viwili, uzungushie upinde na kalibu lake, yaani mbao inayoupa umbo, pamoja, ukivuta kila mzunguko. Inabana kila mahali sawa, jambo ambalo jiriwa haziwezi. Kalibu ni mbao ya mbili kwa nne iliyonyooka, yenye vigogo vya sentimita 4 kwenye ncha zote mbili. Mwanzi uwe juu. Ncha zitaganda zikielekea upande wa mgongo, na upinde utakuwa na ukali zaidi. Kalibu lifunike nailoni, isije gundi ikakunyima upinde wako.

Babu Tezo

Haya, mmenishinda kwa hoja, vijana. Basi nami niseme la kuchonga, maana hapo gundi haisaidii. Upana ukiwa maradufu, ugumu ni maradufu. Unene ukiwa maradufu, ugumu ni mara nane. Kwa hiyo pita moja ya randa kwenye unene si mchezo. Ukikaribia, weka randa chini, kwangua kwa kipande cha kioo.

Kila ukikwangua, vuta upinde mara nyingi kwa urefu mfupi, mbao ipate habari, ndipo utazame tena. Usiuvute hata siku moja kupita ratili unazozitaka, hata kama bado hujafika inchi 28. Ukifika ratili 35 kwa inchi 18, simama, kwangua, rudia. Mizani ya ndoano ya wauza samaki inafaa sana. Na usiachie upote, yaani kamba ya upinde, bila mshale. Nguvu isiyo na pa kwenda inarudi ndani ya mbao.

FundiWaWete

Assalaam alaykum tena. Majaribio ya ndoo nimeyafanya. Mvule umechanika pembeni, pale nyuzi zilipogeuka. Mtiki umebaki na mpindo unaoonekana kwa jicho. Mninga umerudi karibu kunyooka. Sasa swali la upote: uzi wa nailoni wa wavuvi utafaa?

Bint Kojani

Basi mninga tumboni na mtiki katikati. Tumbo liache na upana wa inchi 1 na robo karibu na mshikio, lipungue mpaka nusu inchi nchani.

Nailoni hapana, inanyumbuka na kula nguvu ya upinde. Tafuta uzi wa poliesta wa washona makochi, usokote nyuzi nyingi pamoja na kuupaka nta. Upinde ukiwa umefungwa upote, pawepo inchi 6 na nusu hivi kati ya upote na mshikio. Ukimaliza kulenga, ufungue. Usiuache umefungwa usiku kucha, wala ndani ya gari juani.

Mchukuzi wa Nungwi

Ukianza kuuvuta upinde ukutani kuupima mpindo wake, tupigie picha ukiwa umesimamisha upinde mbele ya vigae vyenye mistari. Mkono wa upinde wa juu na wa chini, yaani nusu zake mbili, tutailinganisha hapa pamoja kabla hujakwangua zaidi.