Pointi za reli Tabora: hesabu za kompyuta au jicho la fundi?

Mwana Cheyo: Wakuu, hapa Tabora reli inagawanyika: njia kuu ya Mwanza na tawi la Kigoma. Penye pointi, yaani pale treni inapobadilishiwa njia, ndipo chuma kinapoumia zaidi, maana gurudumu linaruka pengo na kutua kwa kishindo. Wenzetu wanakokotoa kishindo hicho, wanakadiria uchakavu na kubadilisha pointi kabla haijavunjika. Vijana wa Chuo cha Reli wafundishwe hesabu hizo sasa, SGR, reli mpya ya kisasa, inakuja. Hatuwezi kuendelea kutegemea wazee wa grisi na nyundo.

Fundi Ng'ambo: Wazee wa grisi? Hao ndio waliokusafirisha ukaenda kusoma. Ulimi wa pointi, kile chuma kinachosogea kuelekeza gurudumu, usipobana vizuri kwenye reli, milimita chache tu, behewa linaweza kwenda njia mbili. Anayeiona ni aliyeinama na kipimo mkononi. Kule Potters Bar, Uingereza, 2004 kama sikosei, treni ilianguka kwa nati za pointi zilizolegea. Kompyuta wanazo tele!

Gungu Juu: Subiri kwanza. Tawi la Kigoma??? Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914. Ya Mwanza ilikamilika 1928. Nani tawi la nani?

Binti Isevya: Fundi, ni 2002, walikufa watu 7. Na Ufaransa 2013, Brétigny, chuma cha kuungia reli kwenye pointi kilichomoka, wakafa 7. Ndiyo sababu watu wanapima. Mota ya pointi ikianza kula umeme kuliko kawaida, kuna kinachoizuia: kokoto, au grisi imekauka. Unaiona kwenye mchoro wa umeme wake kabla haijagoma.

Fundi Ng'ambo: Pointi ya kuvuta kwa mkono ina mota gani, dada?

Mwana Cheyo: Gungu, mimi naangalia mzigo, siangalii tarehe.

Gungu Juu: Mzigo wa Kongo na Burundi unashukia wapi, kama si bandari ya Kigoma? Sisi wa Kigoma mnatuita mwisho wa reli halafu mnatufanya kichochoro.

Mama Urambo: Gungu sema baba! Sisi wa Urambo tuko njia ya Kigoma, tawi ni hao.

Binti Isevya: Fundi, ya mkono haina mota, lakini ina historia. Kuna hesabu ya Mswidi Weibull, ya 1951. Ukiipa tarehe za kuharibika inakuonyesha kama pointi zinakufa changa, yaani zimefungwa vibaya, au zinakufa kwa uzee. Tiba ni tofauti kabisa. Bila kumbukumbu hakuna hesabu.

Fundi Ng'ambo: Hapo umenena. Magenge ya mafundi wa njia yanajua pointi korofi kwa vichwa vyao, mtu akistaafu anaondoka nazo. Iandikwe nini?

Binti Isevya: Namba ya pointi, tarehe, kilichoharibika, kilichobadilishwa, na kama ilikuwa masika. Na iandikwe na aliyeshika spana, siyo karani wa ofisini.

Karani Kitete: Karani amekukosea nini? Ripoti za mafundi zinakuja na mafuta, namba hazisomeki, sisi ndio tunaozinyoosha.

Fundi Ng'ambo: Mnazinyoosha au mnazibadilisha?

Gungu Juu: Cheyo bado hajafuta neno tawi.