Sera ya nje ya miaka ya 1960 ilitugharimu nini, ikatujengea nini?

Mchumi_Chipukizi: Wakuu, kila kitabu kinasema msimamo wa Tanzania wa kutofungamana na upande wowote ulituletea heshima. Sawa. Kiuchumi je?

Kitabu_Wazi: Anza na hasara, mkuu. Mwanzoni mwa 1965 Dar iliruhusu konseli kuu ya Ujerumani Mashariki, kwa kuwa Zanzibar ilishaitambua nchi hiyo kabla ya Muungano. Bonn (Ujerumani Magharibi), isiyotaka nchi hiyo itambuliwe, ikaondoa msaada wa kijeshi, Nyerere akawaambia wachukue na mingine. Kanada ndiyo iliyorithi mafunzo ya wanaanga wetu. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa kutowazuia walowezi waliojitangazia uhuru Rhodesia (Zimbabwe ya leo). Mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukayeyuka. Ukilisoma Azimio la Arusha (1967) pale linapokataa kutegemea fedha za nje, kumbuka hayo yalishatokea.

Reli_na_Bandari: Rhodesia hiyohiyo ndiyo iliyotuletea miundombinu. Zambia ilihitaji njia nyingine ya shaba na mafuta, isiyopita Rhodesia. Bomba la mafuta la TAZAMA, Dar hadi Ndola (Zambia), likaanza kazi 1968. Benki ya Dunia ilishasema reli ya Tanzania–Zambia (TAZARA) hailipi, China ikakubali: mkopo usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ujenzi 1970–1975. Watu husahau mbinu ya malipo: sehemu kubwa ya gharama za ndani ilitoka kwenye bidhaa za Kichina zilizouzwa madukani kwetu, shilingi zikalipa vibarua. Viwanda vyetu vichanga vilipata mshindani asiyealikwa.

Mchumi_Chipukizi: Mbona sasa TAZARA inasuasua?

Reli_na_Bandari: Geji (upana kati ya vyuma viwili vya reli) kwanza. TAZARA ina milimita 1,067 ili iungane na Zambia na kusini; Reli ya Kati ni 1,000. Behewa haliwezi kuvuka, mzigo lazima uhamishwe, na kituo cha kuhamishia pale Kidatu kilikuja 1998 tu! Pili, vichwa vya treni vya kwanza vya Kichina vilishindwa na miinuko ya Mlimba–Makambako, vikabadilishwa miaka ya 1980.

Kitabu_Wazi: Ongeza siasa. 1978 Zambia ilifungua tena njia ya kusini kupitia Rhodesia, na 1980 Zimbabwe ikawa huru. Tulichokipigania kikatimia, na sehemu ya mzigo ikarudi bandari za kusini. Uwezo uliosanifiwa wa tani milioni 2 kwa mwaka haujawahi kufikiwa.