Nimepewa chumba nikifanye stoo ya nyaraka za kampuni, nianzie wapi?

Karani wa Kurasini

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, ofisi zetu ziko Kurasini. Faili zetu zimezagaa: nyingine kwenye kabati la mhasibu, nyingine koridoni ndani ya maboksi ya rimu, na za zamani ziko chini ya ngazi ambako panya wameshajipangia. Hivi karibuni wakaguzi wa kodi walitaka faili za mizigo ya miaka mitatu nyuma, tukahangaika hadi aibu. Bosi kafoka, kisha kaamua chumba cha mwisho kule nyuma, ghorofa ya chini, kiwe stoo ya nyaraka na mimi ndiye nikisimamie.

Chumba ni mita 4 kwa 5. Kuta tatu ni za tofali, wa nne unaotutenga na ofisi ya jirani ni jipsamu. Juu silingi bodi, dirisha moja linatazama uani, mlango wa plaiwudi, na kuna sinki la kunawia ambalo halitumiki. Faili za mizigo zinakaribia 1,500, halafu kuna mikataba, faili za wafanyakazi, vitabu vya hundi na risiti za kila aina.

Bosi anataka kitasa cha alama za vidole na kamera nne. Bajeti yenyewe milioni 5 haifiki. Nikinunua hivyo hela imekwisha, na sina hakika kama ndivyo vinavyohitajika. Aliyewahi kusimamia kazi ya aina hii anipe mwongozo. Nawasilisha.

Fundi Nondo

Kamera nne kwenye mita 4 kwa 5, bosi anataka kuona kila pembe ya boksi? Weka moja koridoni iangalie mlango, na mashine ya kurekodia isikae humo humo ndani.

Kabla hujanunua chochote panda ngazi, sukuma silingi bodi moja, umulike na tochi. Ofisi nyingi za kupanga ukuta wa jipsamu unaishia kwenye silingi, juu yake ni uwazi kutoka kwako mpaka kwa jirani. Mwizi anapandia huko, anapita juu, anashukia kwako, na kitasa cha alama za vidole wala hakijaguswa. Ukuta huo ujengwe kwa tofali za inchi 6 mpaka zigusane na zege la juu. Ruhusa ya mwenye jengo iombe kwa maandishi.

Mlango uwe wa chuma au mninga, ila nguvu ya mlango iko kwenye fremu. Nimeona milango ya bei mbaya imeng'olewa na fremu yake kwa mtaimbo, kitasa kizima kabisa. Fremu ishikwe na vyuma vilivyochimbiwa ukutani na kumwagiwa zege. Grili ya dirisha hivyo hivyo, isiwe ya skrubu ambazo mtu anazifungua kwa bisibisi akiwa nje.

Mzee wa Masjala

Mwanangu, Fundi kamaliza la mwizi. Mimi nimezeekea masjala, na nyaraka nilizoona zikiibwa ni chache mno ukilinganisha na zilizokwenda na maji, mchwa na watu wa humo humo ofisini.

Anza na hilo sinki. Ling'oe, bomba lizibwe ukutani, na tundu la maji machafu lizibwe kwa saruji. Unayajua ya Dar: maji yamekatika, mtu kafungua bomba halitoi kitu, kaliacha wazi, kaenda zake nyumbani. Maji yanarudi saa nane usiku, asubuhi mnakuta faili zinaelea. Ukitoka hapo nenda ghorofa ya juu uulize choo kiko usawa gani. Kikiwa juu ya chumba chako, bosi atafute chumba kingine, hata kama hiki kimeshapakwa rangi.

Kurasini ni jirani na bahari, hewa ina unyevu mwaka mzima na masika ndiyo balaa. Unyevu ukipita asilimia 65 ukakaa hapo, ukungu unaanza kuota kwenye karatasi. Nunua kipimo cha unyevu, vile vidogo vya kutundika, ukisome kila asubuhi na kuandika. Watu wanakipenda kiyoyozi, lakini kinachozimwa jioni na kuwashwa asubuhi kinaipoza karatasi na kuiacha ipate joto tena kila siku, na hilo ni baya kuliko joto lililotulia. Bora feni ya kutoa hewa inayozunguka muda wote, na wakati wa masika mashine ya kukausha hewa kama hela ipo. Kiyoyozi kikiwepo, kisifungwe juu ya shelfu. Bomba lake likiziba, maji yanadondokea humo.

Shelfu ziwe za chuma. Mita moja ya shelfu iliyojaa faili barabara ina uzito wa kama kilo 50, na zile mbao za maranda yaliyogandishwa kwa gundi hazistahimili, zinapinda katikati. Ngazi ya chini iwe sentimita 15 kutoka sakafuni. Mgongo wa shelfu usiguse ukuta, acha upana wa kiganja ili hewa ipite na uone njia ya mchwa mapema.

Halafu usihamishie takataka humo. Chambua kwanza.

Mama Leja

Hapo kwenye kuchambua nami nina neno: risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Chukua ya mwaka juzi uitazame. Ama nyeupe pe, ama maandishi ya kijivu ya kubahatisha. Karatasi ile haichapwi kwa wino, inachapwa kwa joto, na joto hilo hilo linakuja kuiharibu. Wengi wanaitia kwenye vile vimfuko vya plastiki laini vya kwenye faili wakidhani wanaitunza, kumbe plastiki ile inaharakisha kufutika. Toa fotokopi siku risiti inapoingia, nakala na risiti zibanwe pamoja, na upande wa maandishi usiguswe na gundi wala selotepu. Mkaguzi akija miaka minne baadaye ukampa karatasi nyeupe, gharama anaikataa na kodi unalipa.

Kuhusu muda, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na hesabu inaanzia mwisho wa mwaka wa mapato unaohusika, si tarehe ya risiti. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 nayo inampa ofisa wa forodha miaka 5 ya kukudai nyaraka za mzigo. Yenye pingamizi au kesi haiguswi mpaka shauri liishe. Kwa hiyo kila boksi andika ubavuni lina nini na litafikia muda wake lini. Ukifanya hivyo nusu ya mzigo wa chini ya ngazi huenda hata hauhitaji shelfu.

Chizi wa Buza

Zilizopitiliza muda wapeni wauza vitumbua. Mimi juzi nimefungiwa vitumbua kwenye karatasi ya mshahara ya mtu, jina, namba ya akaunti, makato yote. Jamaa anakatwa mkopo mpaka nimemwonea huruma.

Wakili Kivuli

Unacheka, lakini hiyo ni kesi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kampuni inayokusanya taarifa za watu inatakiwa isajiliwe kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na izilinde taarifa hizo. Karani, faili za wafanyakazi zina vyeti vya daktari, barua za onyo na nakala za vitambulisho vya NIDA. Zisichanganywe na za mizigo. Ziwe kwenye kabati la chuma ndani ya chumba hicho, ufunguo wake akae nao ofisa utumishi, siyo wewe. Za kuharibu zikatwe kwa mashine au zichomwe mbele ya watu wawili, na wote wasaini orodha.

Mikataba iskaniwe yote. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki, ila siku mwenzako akidai saini imeghushiwa utatafuta karatasi yenyewe. Kwa hiyo zile za asili ziende benki au kwenye kasha lisiloungua.

Kijana wa Mitandao

Na moto? Mimi nashauri mtungi wa CO2, hauchafui karatasi.

Ofisa Usalama Kazini

CO2 inafaa kwenye vifaa vya umeme. Rundo la karatasi linafuka kwa ndani, gesi ikishatawanyika linawaka tena. Na kwenye chumba kidogo kilichofungwa, gesi hiyo inamkosesha pumzi huyo huyo anayezima. Chukua mtungi wa poda wa kilo 6, poda inapanguswa. Utundike nje karibu na mlango, maana ukiwa ndani na moto uko ndani, nani atauendea? Kitambua moshi kisikosekane. Soketi zisizo na kazi zitolewe, na birika la chai lisikanyage humo. Waite Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakague kabla shelfu hazijafungwa.

Karani wa Kurasini

Wakuu nimechungulia, ni wazi mpaka kwa jirani kama Fundi alivyosema. Juu yetu hakuna choo, kuna ofisi tu. Bosi kaelewa, kitasa cha vidole kimewekwa kando na hela inakwenda kwenye ukuta na mlango. Sasa anataka kila mkuu wa kitengo apewe nakala ya ufunguo. Wapo watano.

Mzee wa Masjala

Hapana. Funguo mbili tu: mmoja wako, wa pili ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa juu ya kifuniko, ikae kwenye sefu ya bosi. Bahasha ikifunguliwa, iandikwe nani kaifungua na kwa nini. Mlangoni weka daftari la jina, namba ya faili, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Faili ikitoka, mahali pake chomeka kipande cha manila chenye jina la aliyeichukua.

Atakayeanza kuuvunja utaratibu ni bosi mwenyewe. Atamtuma dereva, "mwambie karani anipe faili ya fulani", na mwezi ujao faili iko kwenye buti la gari. Muombe mapema asaini waraka unaosema hata yeye anaandika daftarini, uubandike mlangoni.

Siku ya kuhamia anza na faili za mwaka huu, ndizo zinazoombwa kila siku. Zile za chini ya ngazi zianikwe kwanza kivulini penye upepo, zikung'utwe na kupigwa dawa huko huko nje, usije ukaziingiza na mchwa wake.