Ati "mzazi, wakati mwingine tandika kitanda"!!!

Jamani, mnamjua. Yule ticha wa gredi ya nne, simu mkononi tangu asubuhi kama kazaliwa nayo. Simtaji, mnamjua.

Jana saa tatu usiku, samaki wako kikaangoni, ujumbe waingia kwa grupu ya WhatsApp: "Wazazi, mrekodini mtoto akieleza sehemu za mmea, video ifike kabla ya saa nne." Mmea naupata wapi saa hizo, nivuke feri? Nikang'oa mchicha wa jirani kwenye kopo (tushagombana, hayo nitawaeleza siku nyingine). Bando la shilingi 20 likaisha, video yazunguka tu, kuja kufika samaki washakuwa makaa.

Leo nafika soko la Kongowea, hapa Mombasa, muuza nazi ananitazama anacheka. "Mama Mchicha!" Kumbe niko TikTok! Tena imetiwa taarabu! Mwanangu ana miaka 9. TikTok yenyewe haimpi akaunti mtoto wa chini ya miaka 13, huyu ticha kamrusha huko na kampa hadi waimbaji. Na nyuma ya mtoto kitanda changu chote, chandarua chaning'inia kama nyavu za Old Town. Nikaandika kwa grupu, kwa adabu zangu, mwalimu naomba uitoe. Kanijibu nini?

"Mzazi, wakati mwingine tandika kitanda 😂"

Tandika kitanda! Mbele ya wazazi hamsini! Nilimwalika chumbani kwangu mimi? Na watatu wakatia dole gumba, nimewaona. Saa tatu usiku kitanda cha nani kimetandikwa, na mdogo wake ashalala pale pale? Tandika kitanda. Wallahi sijala mpaka sasa.

Kachri_Moto: Pole. Lakini mbona hukutandika?

Dume_la_Likoni: Nimeitafuta nikaiona. Kitanda si kibaya, mchicha ndio umenyauka.

BintiKisauni: Msimcheke. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 yataka ruhusa ya mzazi kwanza. Mwaka 2023 kuna shule ilipigwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kupachika picha za watoto. Peleka kwa kamishna wa data.

Mwenye uzi: Nikamwambie nini kamishna, nimeambiwa nitandike kitanda?

BabaWatatu: Nyinyi wa video mna raha. Wetu ataka kuprinti, tena kwa rangi. Pale saiba Mwembe Tayari washaniwekea kiti changu.

Dume_la_Likoni: Afadhali printi. Wetu aliagiza mtoto aje na kuku.

Bi_Sumu: Kuku alirudi?

Dume_la_Likoni: Manyoya.

BabaWatatu: 😂😂 Somo la mapishi hilo.

Kachri_Moto: Mwenye uzi, hilo pazia la maua nyuma ya kitanda ni la Biashara Street ama Marikiti? Mita bei gani?