Sultanahmet Ijumaa: bustani kwanza au msikiti?

Wadau, Ijumaa nitakuwa Istanbul na mama, magoti yanamsumbua. Tuanzie kwenye bustani ya mtaa wa Sultanahmet au Msikiti wa Sultan Ahmed?

Jibu: Bustanini, mkuu. Ijumaa watalii hawaingii msikitini mpaka swala ya Ijumaa iishe. Tafuteni benchi karibu na chemchemi: upande huu minara sita ya msikiti uliojengwa kuanzia 1609, upande ule Hagia Sophia, kanisa la kale ambalo sasa ni msikiti. Mimi nilikaa pale nikijiambia dakika kumi, nikaondoka jua limeshazama.

Jibu: Mama abebe mtandio. Na soksi nzima! Viatu vinavuliwa mlangoni, yangu ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, nikatembea nimekunja mguu. Kuingia ni bure.

Muulizaji: Nimecheka. Soksi nanunua leo.