Bango Jipya la Sebuleni

Zuhura, 17:02
Habari za jioni wote. Bango la sebuleni. Mchapaji anataka majina kumi na moja leo kabla ya saa nne usiku. LEO. Babu kishasema hataki tena sura zilezile, Henry, Bergkamp, Vieira, Adams. Anataka kikosi cha Arsenal cha wasioimbwa, waliofanya kazi sifa zikaenda kwa wengine. Kila mtu jina moja na sababu yake.

Zuhura, 17:20
Naona mmesoma watu kumi na wanne. Majibu sifuri.

Zuhura, 17:41
Haya, naanza mwenyewe. Kiungo mkabaji, Gilberto Silva. Ule msimu wa 2003/04, mechi 38 bila kupoteza, kila mtu anakutajia Henry na mabao yake 30. Gilberto alicheza 32 kati ya hizo. Ukitazama video za mabao humuoni, maana yuko nyuma anazima moto.

Kibwana, 17:44
Bendtner

Zuhura, 17:44
Kibwana, nimesema wasioimbwa.

Kibwana, 17:45
Si ndiyo. Alikuwa anajiimba peke yake, hakuna aliyempokea kiitikio

Salma, 17:45
😂😂😂

Kibwana, 17:47
Desemba 2007 katoka benchi, kona ya Fabregas, mguso wa kwanza kabisa kichwa, goli. Tottenham kalala 2-1. Mguso wa KWANZA. Wenzake wanapasha misuli dakika ishirini

Shangazi Asha, 17:49
Kibwana tuondolee balaa. Mtoto wa watu anaomba majina.

Baba Nuru, 17:58
Zuhura, kwa Gilberto ongeza hili. Kombe la Dunia 2002 nahodha wa Brazil, Emerson, aliumia bega mazoezini akijifanya kipa. Gilberto akachukua namba, akaenda nayo mpaka kombe. Na Oktoba 2004, zile mechi 49 bila kupoteza zilipokatika pale Old Trafford kwa Manchester United, nani hakuwepo uwanjani? Gilberto. Mgongo. Sisemi kitu, ila nimesema.

Zuhura, 17:59
Asante shemeji. Gilberto ndani. Wengine?

Hamisi, 18:03
Beki wa kulia Lauren. Mkameruni. Kaja 2000 kutoka Mallorca akiwa kiungo, kocha Wenger akamgeuza beki. Bingwa wa Afrika 2000 na 2002, dhahabu ya Olimpiki 2000. Aprili 2002 tuko 1-1 na Tottenham, dakika za lala salama, tumepata penalti. Nani kashika mpira? Beki wa kulia. Katupia.

Zuhura, 18:04
Safi sana Hamisi. Mnaona inavyotakiwa?

Zuhura, 18:05
Na michango ya bango. Waliotoa ni watatu. Sitataja majina ya wasiotoa isipokuwa Kibwana.

Kibwana, 18:06
Mimi nimechangia Bendtner

Salma, 18:15
Kipa, Emma Byrne.

Hamisi, 18:16
Salma, hili ni bango la timu.

Salma, 18:16
Ndiyo maana nimetaja mchezaji wa timu.

Salma, 18:21
2007, fainali ya Ulaya ya wanawake, Umeå ya Sweden, timu aliyokuwa anachezea Marta, yule staa wa Brazil. Kule kwao tumeshinda 1-0, goli la Alex Scott, huku kwetu 0-0. Na Kelly Smith, staa wetu, alikuwa anatumikia kadi nyekundu. Mechi mbili Marta hajaona wavu. Golini nani? Kipa wenu nyie kafanya hivyo lini?

Hamisi, 18:23
Sijakataa. Nasema kila bango na mahali pake. Kipa wangu ni Manninger. Mwaka 1998 kipa namba moja Seaman kaumia, kijana kaingia, mechi sita za ligi mfululizo hakuruhusu goli, na ile 1-0 ya Old Trafford imo. Seaman kupona, Manninger benchi. Kama huyo hakusahaulika basi hakuna aliyesahaulika.

Salma, 18:24
Nyumba hii ina mabango mangapi kaka Hamisi? Moja. Basi mahali pake ni hapo hapo.

Salma, 18:24
Na kocha wa bango awe Vic Akers. Alianzisha timu ya wanawake 1987, akaifundisha mpaka hilo kombe, na alikuwa pia mtunza jezi wa timu ya wanaume. Mtu anafua jezi za kina Henry mchana, jioni anakwenda kujenga mabingwa wa Ulaya.

Zuhura, 18:26
Kocha sikuomba. Ila nimempenda huyo.

Kibwana, 18:31
Beki wa kati Stepanovs

Baba Nuru, 18:32
Huyo wa 6-1 tuliyofungwa Old Trafford 2001? Huyo hatujamsahau, tumejisahaulisha.

Shangazi Asha, 18:33
Msirudie ya siku ya 4-4 na Newcastle. Rimoti mpya hatununui tena.

Kibwana, 18:33
Rimoti iliteleza jamani

Baba Nuru, 18:40
Beki wa kati kwa umakini, Steve Bould. Ule ubingwa wa Mei 1998, 4-0 na Everton, watu wanamkumbuka Adams alivyopiga la mwisho kwa mguu wa kushoto. Mpira kauletaje? Bould, beki mwenzake, mtu wa kuokoa na kupiga kona kwa kichwa, siku hiyo kaingia toka benchi akacheza kiungo, kamnyanyulia Adams juu ya mabeki kama winga wa Kibrazili. Pasi ile haijarudiwa tena na haijasifiwa vya kutosha. Pembeni yake muweke O'Leary, mechi 722, hakuna aliyevaa jezi ile mara nyingi kuliko yeye. Lakini uliza mtoto wa leo.

Salma, 18:41
Mtoto wa leo anamjua O'Leary, baba.

Zuhura, 18:42
Bould, O'Leary ndani. Winga wa kulia namuweka Ray Parlour, fainali ya Kombe la FA 2002 dhidi ya Chelsea goli la kwanza lake. Nani anabisha? Hakuna. Twende.

Shangazi Asha, 19:04
Nilikuwa napika, nimerudi. Sasa nisikilizeni. 26 Mei 1989, Anfield, kwa Liverpool. Ili tuwe mabingwa tulitakiwa kushinda kwa tofauti ya mabao mawili, tuko 1-0, muda umekwisha. Mpira anao Barnes, John Barnes yule, mchezaji hatari kuliko wote, anakuja upande wetu. Angeukimbiza kwenye kibendera cha kona yangeisha. Aliyempokonya anaitwa Kevin Richardson. Dakika chache tu nyuma Richardson alikuwa chini, misuli imekaza, ananyooshwa miguu. Kaamka na mguu huo huo kamvua Barnes mpira, karudisha kwa kipa Lukic. Lukic kwa mkono kwa Dixon, Dixon mrefu kwa Smith, Smith kwa Thomas, goli la pili. Hapo ndipo nyote mnapoanzia hadithi. Kwa Thomas.

Baba Nuru, 19:06
Dada umenisimamisha nywele.

Zuhura, 19:07
Richardson ndani. Na Smith? Alan Smith straika?

Shangazi Asha, 19:09
Smith bila kuuliza. Mfungaji bora wa ligi msimu ule. Na 1994 fainali ya Kombe la Washindi, straika wetu Wright kafungiwa, 1-0 na Parma, goli lake. Kisha watu wanasema Wright, Wright. Wright nampenda, lakini haki ni haki.

Hamisi, 19:15
📷 Picha
Hili la zamani nimelipiga kabla halijachanika kabisa. Mchapaji afuate mtindo huu huu.

Baba Nuru, 19:19
Ile kona ya chini imeandikwa nini? Miwani sina.

Kibwana, 19:20
"Kazi ya Hamisi"

Baba Nuru, 19:20
Ahaa.

Shangazi Asha, 19:22
Hamisi, zile siku tatu za kuchora wewe ulikuwa wapi?

Zuhura, 19:22
Tusianze. Bado kipa, beki wa kushoto, winga wa kushoto na straika mmoja.

Hamisi, 19:24
Wazo lilikuwa langu. Karatasi na rangi nilinunua mimi. Jina nililiandika wageni wasije wakauliza. Miaka yote hii hakuna aliyelalamika.

Shangazi Asha, 19:25
Hakulalamika. Alinyamaza. Si kitu kimoja.

Kibwana, 19:26
Refa anakwenda kutazama VAR

Zuhura, 19:26
KIBWANA

Hamisi, 19:27
Ujumbe huu umefutwa

Babu, 19:48
🎤 Ujumbe wa sauti (2:13)

Zuhura, 19:49
Shikamoo Babu.

Baba Nuru, 19:50
Niko barabarani, siwezi kusikiliza. Nani aandike?

Salma, 20:02
Nimeandika alivyosema:
"Marahaba wajukuu. Nimesoma yote. Jina la George Armstrong sijaliona. Mei 1971, usiku wa Jumatatu, sikio langu liko redioni, tunacheza kwa Tottenham, kwao, na tukishinda ni mabingwa. Dakika zinakwisha, Armstrong anamwaga krosi, Kennedy kichwa, moja bila. Ubingwa tumeuchukua nyumbani kwao. Siku tano baadaye Wembley na Liverpool, Charlie George anafunga, analala chali mikono imenyooka, na hiyo ndiyo picha dunia nzima inayo. Armstrong hana picha. Alicheza mechi mia sita ishirini na moja, kuanzia 1962 hadi 1977, winga anayekimbia kwenda na kurudi kukaba, na timu ya taifa ya Uingereza ya wakubwa haikumwita hata siku moja. Alirudi pale pale kufundisha timu ya akiba. Mwaka 2000 akaanguka mazoezini, kazini kwake, akafariki. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwona kama humtafuti. Haya."

Zuhura, 20:04
Armstrong ndani Babu. Winga wa kushoto. Asante sana.

Babu, 20:11
NA IDI AMEULIZWA

Babu, 20:12
LILE LA KWANZA ALICHORA YEYE

Zuhura, 20:40
Idi?

Kibwana, 20:41
(sasa hivi sina utani)

Hamisi, 20:55
Babu nimesikia.

Idi, 21:17
Shikamoo Babu. Shikamoo Shangazi.
Beki wa kushoto Winterburn. Mnazungumzia la pili la Anfield, la kwanza mmeliruka. Ulikuwa mpira wa adhabu usiopigwa moja kwa moja golini. Aliupiga Winterburn, Smith akaugusa kwa kichwa. Liverpool walimzunguka refa wakidai Smith hakuugusa, kwamba umeingia moja kwa moja. Pasi imetimia kiasi kwamba mpaka leo wapo wanaodhani mpokeaji hakufanya kitu. Bila hilo, la Thomas ni 1-0 na kombe linabaki Anfield.

Shangazi Asha, 21:18
Marahaba mwanangu. Umeadimika.

Zuhura, 21:19
Winterburn ndani! Idi, utachora? Mchapaji asichapishe picha za mtandaoni, wewe chora, yeye akuze tu.

Idi, 21:30
Kuchora sijasema.

Zuhura, 21:31
Sawa. Basi tumefika hapa: Lauren, Bould, O'Leary, Winterburn, Parlour, Gilberto, Richardson, Armstrong, Smith. Tisa. Kipa ni Byrne au Manninger, pigeni kura SASA. Straika wa pili hana mtu.

Salma, 21:31
Byrne

Hamisi, 21:32
Manninger

Baba Nuru, 21:40
Wote wawili nawakubali.

Zuhura, 21:40
Shemeji hiyo si kura.

Kibwana, 21:44
Straika wa pili anaingia toka benchi, mguso wa kwanza

Zuhura, 21:44
Usimalizie.

Zuhura, 21:58
Babu, kipa tumuweke nani?

Zuhura, 22:03
Babu kalala. Nampigia mchapaji nimwombe mpaka kesho asubuhi.

Mama Nuru, 22:09
Hamjambo, simu ilikuwa kwenye chaji. Huyo mchapaji keshanipigia mimi tangu saa tatu, anasema Zuhura hapatikani. Kauliza kona ya chini aandike jina la nani. Nikamwambia la Hamisi, kama lile la zamani.

Mama Nuru, 22:10
Kwani hili bango ni la nini?