Naomba ushauri: theluji kwa msomaji mtoto wa Mombasa

Wapendwa, naomba ushauri kwa wanaoandikia watoto. Mswada una kurasa 32, maneno kama 600, wasomaji wa miaka 6 hadi 8. Bibi yuko Mji wa Kale anakuna nazi. Mjukuu yuko Toronto, theluji inaanguka, wanakumbushana ya nyumbani kwa simu.

Kinachonikwamisha ni theluji yenyewe. Nikisema "barafu", mtoto wa hapa anaona kipande kigumu cha kwenye friza, ilhali theluji hushuka taratibu, bila kishindo. Nikiifananisha na sufi, ni nyepesi vivyo hivyo, ila haiyeyuki. Nazi inayodondoka kutoka kwenye mbuzi ya kukunia hadi sinia naipenda zaidi, maana Bibi anaikuna palepale. Lakini mtoto aliyezoea nazi ya mashine, akisikia "mbuzi" atawaza mnyama. Mchoro utatosha, au niongeze sentensi?

Jambo jingine: Bibi anasema Kimvita, lahaja ya Mombasa: "ndoo hapa mwanangu". Nikiandika "njoo" sauti yake inapotea; nikiacha "ndoo", msomaji wa bara atafikiria ndoo ya maji. Mliokwisha kuchapisha, mlifanyaje?